Nyuzi Zilizokosa Kushikana

Tulimzika Furaha asubuhi, Kalobeyei, makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma, kabla jua halijaanza kuchoma. Nilikuwa nimefika siku iliyotangulia, kwa ndege hadi Lodwar na kwa gari hadi huko, kwenye barabara ambayo sasa ni ya lami na ambayo zamani ilitupotezea siku nzima na kutuacha na vumbi hadi kwenye meno. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia: Wakongomani wenzake, Warundi wa kanisani kwake, Waturkana aliokuwa akiwauzia mchicha, na mama mmoja Msomali aliyekuja na birika kubwa la chai ya hiliki, akasimama nalo nyuma ya umati mpaka sala ikaisha. Mwanawe Amani alikuwa kwenye kiti cha magurudumu pembeni mwa kaburi, mwanamume mzima sasa, mwenye ndevu. Amani hasemi. Ana sauti moja ndefu ambayo kwa kila amjuaye ndiyo wimbo wake, na aliitoa walipoanza kurudishia udongo, hakuacha mpaka walipomaliza. Neema, mdogo wake Furaha, alikuwa ameketi kando yangu kwenye mkeka. Alinishika mkono akaniambia, "Dada Akiru, ule mwaka wa Lodwar unaukumbukaka?" Nikamwambia naukumbuka wote. "Basi uuandike wewe. Mimi nikianza kuusimulia, nakasirika kabla sijafika katikati."

Nauandika, basi. Kazi yangu siku hizi iko Nairobi, kwenye maabara, na kwa sehemu kubwa ni kutazama. Natazama seli changa za neva zikikua ndani ya visahani. Kila seli hutoa uzi, na uzi huo una ncha iliyochanuka kama kiganja, inayopapasa mbele, ikigusa hiki, ikiacha kile. Kinachouamulia uzi ushike wapi ni molekuli zilizochomoza kwenye utando wa nje wa seli. Molekuli za seli hii hukutana na za seli ile. Zikitambuana hushikana, zisipotambuana uzi huteleza ukapita. Kwa kushikana huko nyuzi hujipanga mafungu, hufuatana, huvuka kutoka upande mmoja wa ubongo hadi wa pili, hushuka kwenye uti wa mgongo kuitafuta miguu; na zikifika mwisho wa safari, molekuli nyingine za jamii hiyohiyo huzikutanisha uso kwa uso na seli zinazozingoja, ili mazungumzo yaanze. Hivyo ndivyo mtoto anavyotengenezewa njia za kutembea na kusema akiwa bado tumboni, kabla hajaona pa kwenda wala wa kusema naye. Wanafunzi wangu huniuliza nilianzaje kulipenda jambo hili. Ukweli ni kwamba nilianza kwa kulichukia, katika chumba cha kulala wageni Lodwar, siku nilipotakiwa kulitafsiri.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya biolojia ambayo hakuna mtu Turkana nzima aliyejua aifanyie nini, na mimi nilikuwa wa kwanza wao. Kazi niliyopata ilikuwa ya ukalimani, katika kliniki ya mazoezi ya viungo kambini Kakuma. Nilipanga chumba kwa Mama Ekal, mjane wa Kiturkana aliyekaa nyuma ya soko. Kilikuwa cha mabati matupu. Adhuhuri kuta zililia zikitanuka kwa joto, na jioni zikalia tena zikinywea. Chumba cha pili walikaa madereva wawili Wasomali wa malori, na kwa kuwa ukuta ulikuwa bati moja tu, na wageni wao wengi walizungumza nao Kiswahili, nilizijua habari za barabara ya Kitale kabla ya polisi: gari gani limekwama, nani amepigiwa risasi tairi karibu na Kainuk. Mama Ekal alipika ugali na samaki mkavu wa ziwani, na chai iliyokuwa maziwa zaidi kuliko chai. Kila jioni aliniuliza, "Ejok?" yaani u mzima, nami nikajibu, "Ejok nooi," mzima sana, hata siku ambazo haikuwa kweli. "Sasa wewe," aliniambia mara moja, "unachukua maneno kwa mtu huyu unapelekea huyu. Na maneno yakiwa mabaya?" Nikamwambia mkalimani hachagui. Alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Furaha alikuja kliniki mwanzoni mwa mwaka, amembeba Amani mgongoni, kichwa cha mtoto kimeegemezwa kwenye mto wa mviringo kama ngata. Kichwa hicho kilikuwa kipana kuliko kifua chake, ngozi imevutika mpaka inang'aa, mishipa inaonekana, na macho yametazama chini muda wote kana kwamba kitu kinayavuta. Miguu ilikuwa mikavu kama ubao. Vidole gumba vyake vilikuwa vimelala ndani ya viganja, na ukivinyoosha vinarudi palepale. Kina mama waliokuwa kwenye foleni, chini ya kivuli cha turubai, walianza kusemezana bila kushusha sauti. "Huyu ni wa pili," mmoja alisema. "Wa kwanza alikufaka njiani." Mwenzake akajibu, "Tumbo yake haipendi batoto banaume. Inabaharibu." Mimi nilikuwa nimesimama pale na kalamu mkononi, na Furaha naye alikuwa amesimama pale. Aliwageukia akasema, "Mukimaliza kunisema, munisongee nikae." Wakasonga. Akakaa katikati yao, akamtoa mtoto mgongoni, akaanza kumfuta jasho shingoni kana kwamba hakuna lililopita.

Nilianza kwenda kwao Jumapili. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na bati, imefagiliwa mpaka uwanja unateleza, na siku mawese yalipopatikana kulikuwa na sombe, yale majani ya mhogo yanayotwangwa na kuchemshwa muda mrefu, pamoja na ugali waliouita bukari. Mumewe, Justin, alikuwa fundi cherehani sokoni, mtu mpole mwenye vidole virefu. Ule mto wa shingo ya Amani alikuwa ameushona yeye, na kila kichwa kilipoongezeka aliufumua akaushona upya. Neema alikuwa msichana aliyemaliza tu shule, mwenye kicheko kinachotangulia maneno, na alikuwa amechumbiwa na Eric, kijana Mrundi aliyetengeneza redio. Mazungumzo yote ya nyumba ile yalikuwa ya harusi. Siku moja Furaha alinivuta nyuma ya jiko akaniambia ana mimba. "Usiseme kwanza," alisema. "Mama ya Justin akisikia, atahesabu miezi kwa sauti, akingoja kichwa kingine."

Ndipo kliniki ikaletewa habari kwamba daktari wa upasuaji wa ubongo atafika Lodwar. Tulipata kibali cha wao kutoka kambini, tukaondoka asubuhi, Justin amempakata Amani mapajani na kuzuia kichwa chake kwa mikono yote miwili kila gari liliporuka. Lodwar tulikuta daktari hajafika. Magari yalikuwa yamezuiwa Kainuk yakisubiri kusindikizwa na polisi. Tukakaa tukingoja katika nyumba ya wageni karibu na hospitali, vyumba viwili vinavyotazamana, feni ya dari isiyozunguka, na hoteli ng'ambo ya barabara iliyokuwa na wali na samaki asubuhi, mchana na jioni. Upande wa mto Turkwel upepo ulileta harufu ya maji na ya miti ya mathenge, na mara nyingi Furaha alikaa mlangoni akiivuta kama mtu anayekunywa. Alikuwa na matumaini yaliyonitia hofu. "Wakitoa hii maji," alisema, "miguu itapata nafasi. Maji njo inamulemea." Justin aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaanza kushona suruali fupi, ya mtoto anayetembea.

Daktari Chebet alikuwa mwanamke mfupi kutoka Eldoret, mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kiswahili alikijua, lakini kwa maneno yake mwenyewe kilikuwa cha kununulia nyanya. Habari za ubongo alikuwa nazo kwa Kiingereza tu, kwa hiyo nilisimama katikati. Nilitegemea ataanza na kichwa. Alianza na mikono. Alifungua viganja vya Amani, akatazama vile vidole gumba vilivyolala ndani, akavinyoosha taratibu, akaviacha virudi. Kisha akaniambia nimuulize mama kama kwao kulikuwa na wengine wa namna hii.

"Mutoto yangu wa kwanza," Furaha alisema. "Alikufa tukikimbia vita. Na mama yangu alikuwa na kaka, alikufa mudogo, kichwa vilevile. Na mutoto ya mama mukubwa."

"Wote wavulana?" nikamfasiria.

"Bote."

"Na wasichana wa kwenu?"

"Basichana beko bazima. Mimi hapa. Neema pale."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimaliza kumpima mtoto, akasema operesheni itakuwa siku inayofuata, kisha akanitoa nje kwenye baraza. Hapa hakuna kipimo cha kuthibitisha, aliniambia, lakini kwa vidole hivi na kwa ukoo huu hakuwa na shaka kubwa. Ilikuwa molekuli moja, moja kati ya zile zinazokaa juu ya seli za neva na kuzishikanisha. Kwa mtoto huyu haikutengenezwa sawasawa. Nyuzi zilitoka, zikakosa pa kushika. Nyingi hazikuvuka, nyingi hazikushuka. Na ubongo ulipojengeka vibaya, mfereji wa maji nao ukabana. Angeweka mpira mwembamba kutoka kichwani hadi tumboni ili maji yashukie huko. Kichwa kingeacha kukua, maumivu yangepungua, macho yangeinuka. "Lakini nyuzi ambazo hazikufika wakati ule," alisema, "mimi siwezi kuzifikisha leo. Hatatembea. Wasinitazame baada ya operesheni wakingoja hilo." Halafu akaniambia lililobaki. Maagizo ya kutengeneza molekuli hiyo yakiwa na kosa, wavulana huyapata kwa mama. Mama ana nakala mbili, moja nzima na moja yenye kosa, ndiyo maana yeye ni mzima. Mvulana hupewa moja tu kati ya hizo. Nusu kwa nusu, kila mimba. Wasichana nao, nusu kwa nusu, hulibeba kosa bila kuugua. "Ana mimba, si ndiyo? Na ana mdogo wa kike anayekaribia kuolewa. Waambie wote wawili leo, mume na mke. Mdogo wake naye aambiwe kabla hajazaa. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. "Basi na wao wataelewa," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nilizunguka ua wa hospitali nikitafuta maneno. Nilianza na gundi, nikaiacha, maana gundi hushika chochote, na hizi huchagua. Lakini sayansi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa sentensi moja fupi, ugonjwa umetoka kwa mama, ambayo kila nilipoigeuza ilirudi na sauti ya wale wanawake wa foleni. Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa limeshatumiwa kumuumiza. Leo hii, nikiwa na hadubini na wasaidizi, bado sijapata Kiswahili cha jambo hilo kinachoweza kusemwa mbele ya mwanamke bila kumwacha amesimama peke yake. Siku ile nilikuwa na alasiri moja tu.

Niliwakuta chumbani, Amani amelala, sahani za wali na samaki ziko sakafuni zinapoa. Nikawaambia habari za maji na mpira. Nikawaambia kwamba hatatembea, na Justin akaichukua ile suruali aliyokuwa akiishona, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Kisha nikasema, "Mmeona mto Tarach ukijaa. Watu wakivuka hushikana mikono, mmoja amemshika mwenzake, la sivyo maji huwatawanya. Mtoto akiwa tumboni, nyuzi za ubongo wake huvuka hivyo. Za Amani hazikuweza kushikana. Mkono wenyewe ulikosewa kutengenezwa."

"Na iyo kosa inatoka wapi?" Justin aliuliza.

"Kila mtu amezaliwa na makosa ndani yake asiyoyajua. Hili Furaha alizaliwa nalo, likitoka kwa mama yake, na mama yake alilipata kwa mama yake. Hakulifanya. Hakulila, hakurogwa."

"Na mimi? Kwangu iko kitu?"

"Hapana. Kwako halitoki."

Justin alipumua. Ilikuwa pumzi moja tu, mabega yakashuka, uso ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Sidhani alikuwa na ubaya. Mama yake alikuwa amemwambia miaka mingi kwamba damu yake imeguswa, na mtu akifunguliwa kamba hupumua kabla hajafikiri. Lakini Furaha hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama yeye.

"Nimeona," alisema.

"Umeona nini?"

"Nimeona tu." Kisha akanigeukia. "Kumbe bale bamama balisema kweli."

"Hapana, Furaha. Wao walisema unaharibu. Daktari hakusema unaharibu."

"Dada, maneno ni mbili, mwili ni moja." Aliweka mkono tumboni. "Na huyu?"

"Akiwa mvulana, nusu kwa nusu."

"Na Neema?"

"Nusu kwa nusu kwamba analibeba."

Alichukua sahani moja akaifunikia nyingine, samaki wakiwa hawajaguswa. "Akiambiwa," alisema, "ile harusi haitakuwa."

Operesheni ilikwenda vizuri. Siku chache baadaye Amani, aliyekuwa ametazama chini maisha yake yote, aliinua macho akaiona dari, akaikodolea kama watu wanavyokodolea ndege. Justin alilia waziwazi. Furaha alicheka, akambusu mtoto paji la uso, na papo hapo niliuona mkono wake ukishuka kwenye goti la mtoto, ukilikunja na kulikunjua, ukipima ule ukakamavu. Ulikuwa uleule. Nimewahi kuwaona watu wakipokea habari mbaya, na nimewaona wakipokea njema, lakini habari njema iliyokuja na mpaka wake tayari ni ngumu kuipokea kuliko zote. Hujui uweke wapi uso.

Tuliporudi Kakuma Justin alimwambia mama yake, na alimwambia sehemu moja tu: ni kwa mwanamke. Haikuchukua muda soko zima likajua. Mama Ekal aliniuliza jikoni, akikoroga ugali, "Yule Mkongomani rafiki yako, ni kweli hospitali imesema ni yeye?" Hata madereva wangu Wasomali niliwasikia nyuma ya bati wakilijadili, kwa Kiswahili, kwa kuwa mmoja alikuwa na mgeni Mturkana; mgeni akasema mwanamke wa hivyo hurudishwa kwao, na dereva mmoja akamjibu kwa ukali kwamba mtu aliyekimbia vita hana kwao pa kurudishwa. Niliupenda ukuta ule kwa mara ya kwanza.

Neema alikuja kliniki peke yake. Hakucheka. "Dada Akiru," alisema, "nikiingia mahali watu wananyamaza. Daktari alisema nini juu yangu?" Nilimwambia maneno yale ni ya dada yake, si yangu kuyagawa, amuulize yeye, na amuulize leo. Kisha, kwa kuwa sikuweza kukaa, niliomba ruhusa nikatangulia kwa Furaha. Nilimkuta anatwanga sombe. Nilimwambia Neema ameshaanza kuuliza.

"Wewe utaondoka," alisema bila kuacha kutwanga. "Una masomo yako, una Nairobi. Neema yeye ana nini? Ana Eric. Unataka nimunyang'anye na huyo?"

"Na akizaa bila kujua?"

"Mimi nilizaa bila kujua. Na niko hapa."

"Uko hapa," nikasema. "Na unajua umekaaje hapa."

Alisimamisha mchi. Nilidhani atanifukuza. Lakini alikuwa akitazama nyuma yangu, na nilipogeuka Neema alikuwa mlangoni, pumzi juu, amenifuata tangu kliniki.

"Nizae bila kujua nini?" aliuliza.

Furaha akaketi chini, mgongo kwenye ukuta. Nilisubiri, kwa mazoea, kupewa maneno niyapeleke, lakini hakuna aliyenihitaji. "Kwetu, sisi bamama, kuko kitu tunabebaka," alimwambia. "Kwetu kinalala. Kwa batoto banaume kinaamka. Mama alikuwa nacho. Mimi niko nacho, najua. Wewe hatujue." Aliyaeleza yote, ya molekuli, ya nyuzi, ya nusu kwa nusu, kwa maneno yake, na hakukosea popote.

Neema alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Justin anajua. Mama ya Justin anajua. Mutu wa kuuza chumvi sokoni anajua. Mimi njo wa mwisho?" Aliuchukua mchi mkononi mwa dada yake, akaanza kutwanga, akatwanga mpaka majani yale yakawa maji ya kijani, machozi yanamtiririka, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia yametosha.

Alikwenda kumwambia Eric yeye mwenyewe, hakukubali asindikizwe. Baada ya wiki moja hivi Eric alikuja na mjomba wake. Walikaa, wakanywa chai, wakauliza hali ya Amani, wakasifu kovu lilivyopona. Mjomba akasema kwa lugha nzuri sana kwamba familia imeona wapumzike kwanza. Eric alitazama viatu vyake. Nilikuwa nimezoea ukali wa foleni, na nilidhani hakuna kibaya zaidi. Siku ile nilijua upole unaweza kukata zaidi, kwa sababu hauachi pa kushika ugomvi. Walipoondoka Furaha alisema, "Nilikuambia." Alikuwa akiniambia mimi. Neema ndiye aliyejibu. "Afadhali ameondoka akijua," alisema, "kuliko angeondoka baadaye na mutoto mikononi." Sijui kama aliamini maneno hayo siku ile. Aliolewa miaka mingi baadaye, na mtu aliyeambiwa kila kitu kabla ya kukaribishwa kiti.

Justin naye alikwenda. Hakukuwa na kelele. Mama yake alikuwa ameshakaa nao majuma kadhaa, na kila nilipopita nilimsikia nyuma ya pazia akisema mtu mwenye damu safi anaweza kuanza upya. Justin alisema anakwenda Nairobi kutafuta kazi ya kushona. Kabla ya kuondoka alimshonea Amani mito kadhaa, mikubwa kwa midogo, ingawa kichwa kilikuwa kimeacha kukua na mmoja tu ungetosha. Kwanza alituma salamu, kisha hakutuma kitu. Nimejaribu kumchukia na sijafaulu vizuri. Namkumbuka alivyokizuia kile kichwa barabarani, mikono yote miwili. Na ninakumbuka ile pumzi. Vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja.

Mwisho wa mwaka Furaha alijifungua, hospitali ya kambini, asubuhi ya joto kali. Neema na mimi tulikaa nje kwenye benchi. Mama Ekal, ambaye hakuwahi kukanyaga kambini kwa sababu yoyote, alikuja kwa miguu na chombo cha supu ya mbuzi, akaketi nasi, akasema tu, "Ejok," bila kuuliza. Muuguzi alipotoka akasema ni msichana. Wanawake waliokuwa pale wakapiga vigelegele, na miongoni mwao nilimtambua mmoja wa wale wa foleni, naye akipiga kwa nguvu, Mungu amekumbuka, Mungu amefuta. Neema alinikumbatia mpaka nikaumia mbavu. Tulipoingia, Furaha alikuwa amemlaza mtoto kifuani. Hakuwa na huzuni, lakini hakuwa na sherehe.

"Bananipongeza kama vile imeisha," aliniambia.

"Pumzika kwanza," nikasema.

"Haijaisha. Wewe njo uliniambia. Iko nusu." Alimfunika mtoto mguu uliochomoza. "Huyu nitamuambia mimi mwenyewe, mapema. Hatasikia kwa foleni."

Niliondoka Kakuma baada ya hapo, nikarudi shuleni kusoma zaidi, na jambo nililokwenda kusoma halikuhitaji kuchaguliwa. Tuliandikiana na Furaha, tukapigiana simu, nikawa ninamtembelea kila nilipoweza, lakini nasema ukweli kwamba sikuwahi kumuuliza kama alitimiza. Niliogopa. Kusema utasema ni rahisi mtoto akiwa kifuani. Kumtazama msichana anayecheza kamba ukamweleza kilicholala ndani yake ni jambo lingine.

Mtoto yule alipewa jina la Rehema. Siku ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, alikuja kukaa nasi mkekani, mimi na Neema, amevaa kitenge cha msiba, sura ya mama yake imerudi yote. Anasomea uuguzi Lodwar. Tulizungumza ya msiba, kisha nikauma midomo nikamuuliza kama mama yake aliwahi kumwambia lolote kuhusu ugonjwa wa kaka yake.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Nilijua kabla sijajua kusoma," alisema. "Alikuwa ananiambia akinisuka nywele. Kila nilivyokua aliongeza kidogo. Mpaka nikamwambia, mama, hii sasa naijua kuliko wewe." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Kuna mtu anataka kunioa. Nimeshamwambia. Lakini nilimwambia nusu kwa nusu, kwa sababu ndiyo niliyonayo. Kule kwenu Nairobi mnaweza kupima?"

"Tunaweza. Tutachukua damu yako na ya Amani, yake ituonyeshe kosa liko wapi."

"Unarudi lini?"

"Kesho. Lakini hutaki kumaliza matanga kwanza?"

Rehema akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akasimama.

"Mama alinipa yote aliyokuwa nayo," alisema. "Sasa nataka kujua yangu. Tuondoke wote kesho."